Safu ya Saba

Tumwite Bi Daftari, maana ndivyo wenzake walivyomwita, na jina la kupewa na wenzako ndilo linaloshika. Alikuwa mkunga katika wodi ya wazazi ya hospitali ya mji, miaka ishirini na mbili kazini, mikono myepesi, maneno machache, na maringo yake yote aliyaweka kwenye mwandiko. Mwandiko gani ule, jamani! Herufi zimesimama wima kama watoto wa shule mbele ya mwalimu mkali. Wenzake wakimaliza kuzalisha wananawa, wanakaa chini kuvuta pumzi. Yeye hakai. Anakausha mikono, anavuta daftari la uzazi, lile kubwa lenye jalada gumu la kijani, anajaza: namba, tarehe, jina la mama, jina la baba, jinsia, uzito, dini. Safu saba.

Sita hazikumsumbua. Ya saba ndiyo iliyomtesa. Mji ule ulikuwa na watu wa dini mbili, wengi na wachache, na watu wakikaa pamoja huoana, hata uwawekee ukuta. Mtoto wa ndoa ya namna hiyo akizaliwa, wodi ilikuwa na desturi yake, iliyoachwa na matroni wa zamani sana ambaye picha yake ilikuwa bado ukutani: safu ya saba huachwa wazi. "Mtoto hajafungua hata macho, mnamuuliza dini?" alikuwa akisema yule mama. "Mwacheni. Akikua atajaza mwenyewe." Amri hiyo haikuandikwa popote. Wakunga waliambiana tu, mkubwa akamwambia mdogo, na mdogo naye akawa mkubwa. Bi Daftari aliifuata shingo upande. Kila akipekua kurasa za nyuma, zile nafasi tupu zilimkera kama pengo la mbele kwenye kinywa cha bibi harusi.

Wodi ilikuwa na desturi ya pili. Sikukuu ya wengi ikifika, wauguzi wa dini ya wachache hushika zamu zote, wenzao waende nyumbani wale na watoto. Sikukuu ya wachache ikifika, wengi hushika. Hakuna aliyehesabu nani kamshikia nani mara ngapi. Mimba nazo hazijui sikukuu, kwa hiyo mji mzima ulizaliwa kwa mpango huo, na hakuna aliyewahi kuona kwamba ni jambo la kusifiwa.

Aliyekuwa akimshikia Bi Daftari alikuwa shoga yake, muuguzi wa dini ya wachache, jina la utani Kicheko. Huyo akicheka wodini, wapishi jikoni wanaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Aliolewa na dereva wa gari la wagonjwa, mtu wa dini ya wengi, mpole, ambaye ndugu zake walinuna mwaka mmoja kisha wakachoka. Mtoto wao wa kike alizaliwa miezi saba, kilo moja na gramu mia mbili, na aliyempokea ni Bi Daftari. Wodi haikuwa na mashine ya kumpa joto. Wakamlea kwa vifua: mama akichoka, Bi Daftari anafungua vifungo vya gauni, anamweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, anamfunga kwa kanga na kuendelea kutembea wodini. Wiki tano walifanya hivyo. Mtoto akaitwa Njiti, na hata alipokuwa mnene, ameng'oka meno, anakimbia koridoni akikemewa na kila mtu, aliitwa Njiti. Baba yake alifariki kwa homa ya ini mtoto akiwa na miaka minne. Alilelewa na mama yake, kwa dini ya mama yake, na Bi Daftari alimnunulia viatu vya kuanzia shule.

Haya. Nchi ile ilikuwa imewahi kupigana yenyewe kwa yenyewe, ikachoka, ikapatana. Mapatano yalikuwa na kurasa nyingi ila lililowafaa watu wa kawaida lilikuwa moja: kila mtu na dini yake, na serikali isimwingilie mtu chumbani. Miaka kumi na moja watu wakala, wakalala. Kisha mkuu wa nchi akaanza kuishiwa marafiki, na mtawala akiishiwa marafiki humkumbuka Mungu ghafla. Akatangaza redioni kwamba kuanzia mwezi ule sheria ya dini ya wengi ndiyo sheria ya kila mtu, apende asipende.

Bi Daftari hakushangilia wala hakununa. Alikuwa anafua, akaendelea kufua. Dini ni yangu, alijiambia, na sheria yake ni yangu, itanidhuru nini? Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyojiambia, tusimcheke.

Kazini mambo yakaanza kidogo kidogo. Ilikuja barua kwamba muuguzi wa dini ya wachache asimsimamie wa dini ya wengi. Ikaja nyingine kwamba kubadilishana zamu za sikukuu ni kuheshimu sikukuu za uongo, kwa hiyo kukome. Kicheko akaisoma kwa sauti mbele ya wenzake, akasema, "Basi sikukuu ijayo mtazaa wenyewe na mtajizalisha wenyewe," akacheka, na wenzake wa dini ya wengi wakacheka pia lakini wakitazama mlango. Halafu ukabandikwa waraka kwenye ubao wa matangazo: madaftari yote ya uzazi yawe sawa, mtoto wa mchanganyiko ahesabiwe wa dini ya wengi, mkaguzi atapita.

Siku iliyofuata, saa nane mchana, wodi ilikuwa imetulia. Wazazi wawili tu, wote wamejifungua, wote wamelala. Bi Daftari akateremsha madaftari ya miaka ya nyuma kutoka kabatini, akayapanga mezani, akachukua kalamu mpya ya wino mweusi. Hakuna aliyemtuma. Narudia, kwa sababu baadaye yeye mwenyewe alitamani sana kuwe na mtu aliyemtuma: hakuna. Matroni alikuwa likizo. Mkaguzi alikuwa hajafika. Waraka ulisema madaftari yawe sawa, haukusema mtu arudi miaka kumi nyuma akajaze alichokiacha mwenyewe. Lakini alikuwa na woga kidogo na maringo mengi, na viwili hivyo vikikaa meza moja kazi huenda haraka. Akajaza. Safu ya saba, ukurasa kwa ukurasa, dini ya wengi, dini ya wengi, kwa mwandiko ule ule mzuri. Watoto arobaini na mmoja.

Katikati ya kazi Kicheko akamletea chai.

"Mbona unaandika kama karani wa mahakama, shoga? Nani kazaa?"

"Hakuna. Nasafisha daftari."

"Safisha, mwaya. Nyumbani kwako nina hakika hata mende wanapanga foleni." Akaweka kikombe, akaenda zake akicheka.

Ukurasa uliofuata ulikuwa na Njiti. Kilo moja na gramu mia mbili. Hapo kalamu ilisimama, na Bi Daftari alikaa akiitazama ile nafasi tupu kwa muda ambao ungemtosha kusimama, kufunga daftari na kunywa chai yake. Mtoto wa shoga yangu, aliwaza. Kisha akawaza tena: nikiliacha hili moja, ndilo litakaloonekana. Akaandika. Chai ilikuwa bado ya moto.

Siku tisa baadaye kanuni za sheria zikasomwa redioni. Bi Daftari alikuwa jikoni kwake anamenya viazi. Msomaji akafika kwenye watoto. Mtoto wa mchanganyiko aliyeandikwa wa dini ya wengi, akiwa analelewa na mtu asiye wa dini hiyo, ataondolewa na kupelekwa shule ya bweni ya Baraza la Sheria, akalelewe katika dini yake. Lakini mtoto ambaye mpaka siku ya kutangazwa sheria dini yake haikuwa imeandikwa popote, huyo ataachwa na mzazi aliye naye mpaka afikishe miaka kumi na minane. Hata walioitunga walikuwa na haya kidogo, waliacha tundu moja watu wapumulie.

Kisu kikamkata kidole. Akakaa chini sakafuni, damu inadondokea maganda, na jambo likamwingia kichwani taratibu, kama maji baridi yanavyoshuka mgongoni. Yale mapengo yaliyomkera miaka yote ndiyo yangewaokoa wale watoto, naye ameyaziba yote, kwa hiari yake, mchana kweupe.

Angeweza kusema siku ile ile. Angeweza kumkimbilia matroni, kumwandikia mkaguzi, kusema nimekosea, mnisamehe, nilijaza juzi. Kosa la juzi lilikuwa bado dogo. Badala yake alifunga kidole kwa kitambaa, akamaliza viazi. Kesho yake mkaguzi alifika, akafungua madaftari, akapitisha kidole kwenye safu ya saba kutoka juu mpaka chini, akasema hajaona daftari safi kama lile katika mkoa mzima. Wakampa cheti cha mfanyakazi bora. Wakampiga picha amekishika. Ile picha, lo! Ametabasamu.

Orodha ya watoto arobaini na mmoja ikabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya Baraza. Mama mmoja akazimia hapo hapo.

Jumamosi asubuhi Kicheko akaja nyumbani kwa Bi Daftari. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu asiyetaka kukichafua. Hakucheka.

"Ile safu tuliiacha wazi, shoga. Ulikuwepo, nilikuwepo. Nimekwenda Barazani nimesema hivyo, wameniambia neno langu halipokelewi mbele ya daftari, kwa kuwa mimi si wa dini yao. Wauguzi wenzangu wote wa kwetu wamesema, nao hawakupokelewa. Wanataka mtu wa dini. Na wa dini aliyekuwepo ni wewe."

Bi Daftari akasema, "Nitakuletea maji."

"Sina kiu. Siku ile ya chai, ulikuwa unajaza?"

"Ndiyo."

"Na Njiti ulimjaza?"

"Nilimjaza."

Bi Daftari alingojea atukanwe, na angeshukuru kutukanwa. Mwenzake akasema, "Haya. Uliogopa. Nani haogopi siku hizi? Sikuja kugombana. Nimekuja kuomba kitu kimoja tu: ukiulizwa, sema."

"Nitasema."

"Niapie."

"Naapa kwa Mungu wangu na Mungu wako."

"Ni yule yule, shoga," akasema Kicheko akiinuka. "Wanaogombana ni mawakili wake."

Wapo wanaosema mume wa Bi Daftari ndiye aliyemkataza. Wamwache mzee wa watu. Alikuwa fundi saa, mtu wa kuinamia vidude vidogo kutwa nzima, na asubuhi ya kwenda Barazani alimwambia mkewe neno moja: "Sema utakaloweza kulibeba."

Baraza lilikaa kwenye ukumbi uliokuwa wa sinema. Hakimu aliketi chini ya kile kitambaa kikubwa cheupe, na watu walikaa kwenye viti vile vile vya kukunja walivyokalia zamani wakila karanga. Kabla ya yote karani alisoma adhabu. Mtu wa dini aliyebadilisha kumbukumbu za serikali: miaka saba jela. Aliyefanya hivyo akawasaidia wasio wa dini kuikwepa sheria: msaliti, na jamaa yake yote itatangazwa hivyo. Bi Daftari alikuwa na mume, na wana wawili wameajiriwa serikalini. Nayataja haya si kumtetea. Nayataja kwa kuwa ndiyo aliyokuwa akiyafikiria.

Njiti alikuwa mstari wa mbele, miaka minane, ameketi karibu na mama yake, miguu haifiki chini. Alipomwona Bi Daftari akapunga mkono. "Mama mkunga!" akaita, na watu wachache wakageuka wakatabasamu.

"Huu ni mwandiko wako?" hakimu akauliza.

"Ndiyo, mheshimiwa."

Kule njiani alikuwa amejiombea asiulizwe zaidi ya hapo. Alijipanga hivi: nikiulizwa tu mwandiko ni wa nani nitasema ni wangu, na huo si uongo, wasiponiuliza la pili si kosa langu. Mtu mzima, mama wa watu, anamvizia Mungu kwenye kona kama mtoro wa shule! Lakini hakimu yule alikuwa mtu makini.

"Mama huyu anasema safu hii ilikuwa wazi mpaka mwezi uliopita. Wewe uliijaza lini?"

Kicheko alikuwa amemkazia macho, na kichwa chake kilitikisika kidogo sana, vile alivyokuwa akimtikisia mzazi anayekaribia kujifungua: sasa, sukuma, sasa. Bi Daftari akafungua mdomo. Alikuwa na neno lenyewe mdomoni, alilihisi juu ya ulimi.

"Siku aliyozaliwa, mheshimiwa," akasema.

"Mungu akubariki, mama. Wanawake wakweli siku hizi ni adimu."

Kicheko hakupiga kelele. Waliopiga kelele walikuwa akina mama wengine, kwa sababu mwandiko ulikuwa ule ule kwa kila mtoto na jibu lile moja lilikuwa limewamaliza wote arobaini na mmoja, kesi hazikuhitajika tena. Askari wawili wa kike wakamshika Njiti mikono, wakampitisha mlango wa pembeni, ule ambao zamani watu walitokea filamu ikiisha. Mtoto hakulia mpaka alipofika mlangoni na kuona mama yake hafuati. Bi Daftari alisikia kilio kile akiwa amesimama pale pale kizimbani, ameshika ukingo wa ubao. Ndicho kilio alichokuwa wa kwanza duniani kukisikia, siku mtoto anatoka, chembamba kama cha paka. Alikijua kuliko mtu yeyote mle ndani ukiondoa mmoja.

Wiki ile ile gari la Baraza lilikwenda mtaa wa wachache kumchukua mtoto wa nne. Watu walikuwa wamekwisha kuona magari matatu yakipita, wakalipiga mawe hilo la nne. Askari mmoja akafa. Kesho yake nyumba sita zikachomwa, na aliyezichoma alijulikana, na hakukamatwa kwa sababu aliokuwa amewachomea hawakuwa na neno linalopokelewa Barazani. Hapo ndipo vijana walipoanza kuondoka. Walikwenda milimani, kule kule baba zao walikokwenda vita vya kwanza, wengine wakafukua hata bunduki zilezile. Watu ambao miaka kumi na moja walikuwa wakigombania mipaka ya viwanja na kelele za redio sasa waligombania watoto, na mtu hapatanishwi juu ya mtoto. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Serikali ikasema waasi wanampinga Mungu. Waasi wakasema wanataka nchi yao wenyewe. Miaka saba.

Hospitali ilikatwa katikati. Ukajengwa ukuta wa matofali koridoni, upande huu wodi ya wengi, upande ule ya wachache, milango ya zamani ikazibwa, mipya ikatobolewa. Kicheko alikuwa ameondoka kabla ya tofali la kwanza. Walisema yuko milimani, anafunga majeraha.

Na Bi Daftari? Aliendelea na kazi. Hakufungwa, hakufukuzwa, wanawe walipanda vyeo. Aibu aliyokuwa nayo haikuwa ile ya kuonekana, maana kwa watu wa upande wake alikuwa shujaa, walimwita kwenye hafla wakamkalisha mbele. Ilikuwa aibu ya kusifiwa. Mtu akimwambia, "Mama, wewe ndiye uliyesema ukweli," anasukuma sahani kando. Alikiondoa kile cheti ukutani, mgeni akauliza kiko wapi, akakirudisha. Alianza kuandika vibaya. Si kwa makusudi, mkono ulikuwa unamtetemeka kila alipofika safu ya saba, mpaka matroni mpya akampa mwenzake daftari. Mume wake hakumuuliza kitu hata siku moja. Alimtengea chakula, akamtafutia dawa za kumtuliza mkono, na ule upole ulimchoma kuliko matusi. Mara moja alimwambia, "Nigombeze, baba watoto." Mzee akaweka chini ile saa aliyokuwa anaitengeneza, akasema, "Nikugombeze nini ambacho hujajigombeza?"

Vita ilipowachosha wote, mkuu mwingine akaja, sheria ikafutwa kwa sahihi moja, kama vile haikuwahi kuua mtu. Ikaundwa tume ya kuwarudisha watoto. Ilipofika mjini, Bi Daftari alikuwa wa kwanza kwenye foleni, alfajiri, kabla ya kufunguliwa mlango. Alisema yote: kalamu, chai, saa nane, hakuna aliyenituma. Akaketi na madaftari, akaweka alama mbele ya kila mtoto aliyemjaza mwenyewe, wote arobaini na mmoja, akatia sahihi. Karani wa tume, msichana mdogo, alikuwa akiandika bila kuinua uso. Alipomaliza akauliza, "Kwa nini hukusema ulipoulizwa?" Bi Daftari akasema, "Niliogopa." Msichana akaliandika na hilo.

Njiti akapatikana. Yu hai, mzima, miaka kumi na mitano, wa kwanza darasani katika shule ya bweni. Tume ikapanga akutane na mama yake hospitalini, mahali ambapo pande zote mbili zilikubali kufika, na Bi Daftari aitwe amweleze binti mwenyewe kwa mdomo wake.

Walikutanishwa kwenye kile kilichokuwa chumba cha zamu. Meza ile ile, madaftari juu yake. Kicheko alikuwa amekonda, nywele nyeupe, kovu kwenye kidevu. Alimtazama mwanawe kama mtu anayetazama moto kwa mbali akiwa na baridi, na hakuthubutu kumgusa. Binti alikuwa mrefu, nadhifu, amejifunika kama walivyofundishwa, mikono ameikunja juu ya magoti. Alimsalimu mama yake kwa adabu, salamu ya mgeni.

Bi Daftari akaeleza. Akafungua ukurasa, akamwonyesha mstari. "Hapa palikuwa patupu. Nilijaza mimi, wewe una miaka minane. Nilimdanganya hakimu. Mama yako ndiye aliyesema kweli. Nisamehe, mwanangu."

Njiti akauinamia ule mstari, akausoma. Kisha akainua uso, na uso haukuwa na hasira hata kidogo.

"Wamekutisha?" akauliza kwa upole.

"Nani?"

"Hawa wa tume. Wamekutisha useme hivi? Usiogope, mama. Sisi shuleni tunakujua. Walitusomea habari zako kila mwaka, mkunga aliyesimama akasema kweli mbele ya makafiri. Hiyo ndiyo iliyonipa nguvu. Usiku nikimlilia huyu," akaelekeza kidole kwa mama yake bila kumtazama, "nilikuwa nakumbuka ulivyomjibu hakimu. Mimi ni wa dini tangu siku niliyozaliwa. Umeandika wewe."

"Ni uongo, Njiti! Niliandika uongo!"

"Jina langu si Njiti," binti akasema. Akasimama, akamwambia mtu wa tume kwamba amesikia, ameshukuru, na anaomba arudishwe shule kwa kuwa kesho ana mtihani. Sheria mpya ilisema mtoto wa miaka kumi na mitano ataulizwa anakotaka kukaa. Aliulizwa. Akajibu. Akatoka na yule mtu wa tume, hatua zake zikasikika koridoni, hazikukimbia.

Wakabaki wawili. Bi Daftari alipiga magoti. "Nipige," akasema. "Nitukane. Sema lolote, shoga yangu, nakuomba."

Kicheko akaokota mkoba wake sakafuni, akainuka, akajifunga kitambaa vizuri kichwani. Miaka kumi na tisa alifanya kazi katika jengo lile, aliijua kila ngazi yake gizani, lakini tangu ukuta ujengwe alikuwa hajaingia, mpaka alipoletwa siku ile.

"Samahani, muuguzi," akasema. "Siku hizi watu wanatokea mlango gani?"

Bi Daftari akainuka, akamwonyesha.